Saluni na Stesheni Wagoni: Uso Mmoja, Migongo Miwili

WATU wengi huamini kwamba gari la saluni na ndugu yake stesheni wagoni ni kitu kimoja. Kwamba kiwandani mtu alilichukua lile la kwanza, akalivuta paa lake hadi nyuma, akatia mlango wa tano, basi kazi ikesha. Uso ni ule ule, taa ni zile zile, injini ni ile ile, na jina lililopigwa kwenye bati halina tofauti hata ya herufi. Mnunuzi husimama mbele ya gari akalitazama usoni kama mtu atazamaye mchumba, kisha akatoa fedha zake. Kumbe mambo yenyewe yako nyuma, tena chini, mahali ambapo hapana aendaye kutazama ila fundi na kuku.

Huenda msomaji akauliza springi za gari zaingiaje katika ukurasa wa utamaduni. Jawabu langu ni fupi. Tangu miaka ya 1960 hapana chombo cha nchi kavu kilichoingia katika maisha ya watu wetu kama stesheni wagoni. Kimechukua maharusi na vyombo vyao, kimechukua maiti kurejeshwa kwao wakazikwe kabla jua halijachwa, kimechukua samaki, miraa, wanafunzi wa madrasa na wagonjwa. Chombo kilichobeba yote hayo kina haki ya kutazamwa kama tunavyoutazama mtepe na jahazi. Nami nitatwaa mfano wa Peugeot, ambayo sisi wa pwani twaiita Pijo, na mahali nitakapoipeleka kuijaribu ni Lafey.

Lafey ni mji mdogo katika Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Somalia. Kabla ya katiba ya 2010 kuleta kaunti, nchi yote ile ya Garissa, Wajir na Mandera ilikuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, na makao yake makuu yalikuwa Garissa, kando ya mto Tana. Mtu atokaye kwetu Mombasa hushika njia ya Malindi, Garsen na Hola mpaka Garissa, kisha Wajir, kisha Elwak, ndipo aulize Lafey iko wapi. Ajuaye Kisomali akilisikia jina hilo husikia ndani yake neno laf, yaani mfupa. Sina haja ya kuongeza maneno. Gari lisilo na mfupa halina kazi huko.

Njia za sehemu zile ni za udongo na mchanga. Kuna laga, yaani mito mikavu ambayo miezi mingi ni mchanga mtupu, na mvua ikinyesha mbali juu huko, maji huja ghafula kama deni lililosahauliwa. Kuna mahali magurudumu ya malori yamechimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati. Na kuna ile mikunjo ya barabara iliyokaa kama bati la nyumba, mkunjo baada ya mkunjo, ambayo hulegeza kila msumari wa gari na kila jino la abiria.

Sasa turudi kwa Pijo. Peugeot 404 ilitokea Ufaransa mwaka 1960, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Huku kwetu ilijipatia sifa katika mashindano ya Safari, iliposhinda mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland aliyetoka Tanzania, na watu wa Dar es Salaam hawakuacha kulitaja hilo kwa miaka mingi. Katika 404 saluni, magurudumu mawili ya nyuma yaliunganishwa kwa ekseli moja ngumu, ikakalia springi za koili. Mpango wa kikale, lakini mpango mwaminifu.

Mwaka 1968 ikaja 504, na hapo ndipo ndugu wawili walipoachana njia. Ile saluni ya 504 haikupewa ekseli ngumu. Kila gurudumu la nyuma lilipewa mkono wake wa chuma na springi yake, likawa lapanda na kushuka peke yake bila kumwuliza mwenziwe. Difu, yaani lile dungu la gia lililoko katikati ya magurudumu ya nyuma, halikuning'inia tena na magurudumu bali lilifungwa juu, chini ya bodi. Matokeo yake ni raha. Gurudumu la kushoto likiingia shimoni, la kulia halina habari. Waandishi wa magari wa Ulaya waliichagua kuwa gari la mwaka 1969, na Ove Andersson akashinda nayo Safari ya 1975. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda tena, akiwa na ile 504 ya milango miwili.

Stesheni wagoni ya 504 ilifuata mwaka 1971, na watengenezaji wake hawakukubali kuipa miguu ya saluni. Waliirudishia ekseli ngumu, chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na badala ya springi mbili wakaipa nne, mbili kila upande. Tena wakairefusha. Saluni ina mita 2.74 kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma, na stesheni wagoni ina mita 2.90. Sentimita 16 si nyingi kwa mpima viwanja, lakini kwa mzigo ni nyingi sana, maana ziliisogeza ekseli ikaja chini ya shehena badala ya kuiacha shehena ining'inie mkiani. Na ile iliyotiwa safu tatu za viti, ambayo Wafaransa waliikusudia baba mwenye watoto wengi, huku kwetu ilipata baba asiyekuwa na hesabu ya watoto: dereva wa teksi ya safari ndefu.

Hapa naomba nafasi kidogo ya lugha, maana ni kazi yangu. Mafundi husema ekseli, na sina ugomvi nao. Lakini Kiswahili kina neno mhimili, nalo limetoka katika shina la Kiarabu la kubeba. Shina hilo hilo ndilo lililotupa hamali, mchukuzi wa bandarini. Ndilo lililotupa himili na stahamili. Na ndilo lililotupa himila, neno ambalo wazee walilitumia kwa mzigo na kwa mimba pia. Aliyesoma chuoni halioni jambo hilo kuwa ajabu. Stesheni wagoni basi ni gari lenye mhimili wa kweli, na saluni ni gari la miguu minne ya paka. Msomaji ayaweke maneno hayo kando, tutayahitaji.

Tuchukue saluni ya 504 tuijaze watu watano wanene, buti tutie magunia ya mchele, na juu ya kerieri tufunge vitanda viwili. Bodi itashuka. Ikishuka, mikono ile ya nyuma nayo hupanda, na magurudumu hulala: juu yameingia ndani na chini yametanuka, kama hamali aliyebebeshwa zaidi ya nguvu zake akapanua miguu. Tairi sasa hazikanyagi sawa, zakanyaga kwa ukingo wa ndani, na ukingo huo huliwa upesi. Na lile difu, kwa kuwa limefungwa kwenye bodi, hushuka pamoja na bodi. Kadiri mzigo unavyozidi ndivyo difu linavyokaribia ardhi. Peleka gari hilo kwenye njia yenye tuta katikati, na chuma kitakutana na jiwe.

Stesheni wagoni haina shida hiyo. Jaza uwezavyo, bodi itashuka, lakini magurudumu yatabaki wima kwa sababu yamefungwa katika chuma kimoja, na difu litabaki pale pale lilipokuwa, maana urefu wake kutoka ardhini hupimwa na tairi, si na mzigo. Dereva alijua asubuhi kwamba anapita juu ya jiwe fulani. Jioni, na abiria wote ndani, bado anapita juu yake. Kwa mtu wa lami jambo hilo ni dogo. Kwa mtu aliye kati ya Elwak na Lafey ndilo jambo lenyewe.

Lakini kila chenye faida kina bei yake. Ekseli ngumu ni nzito, na uzito wote huo wa ekseli, difu na magurudumu uko chini ya springi, wapigwa na barabara moja kwa moja. Kwenye mikunjo ile ya bati, ekseli hurukaruka kama samaki juu ya sitaha. Gurudumu moja likipanda jiwe, la pili huinama nalo. Na zile springi nne, zilizotengenezwa kubeba shehena, haziinami kwa mtu mmoja. Stesheni wagoni tupu ni gari kali. Huruka, hupiga, na mkia wake hutafuta njia yake wenyewe penye changarawe.

Mabaharia wetu walilijua jambo hili kabla ya gari la kwanza kuteremshwa bandarini. Jahazi lililoundwa kubeba boriti na tende halisafiri tupu. Likiwa tupu hutiwa farumi, mawe au mchanga tumboni mwake, lipate kukaa majini. Jahazi lisilo na farumi huchezewa na kila wimbi. Stesheni wagoni tupu ni jahazi lisilo na farumi, na madereva wa zamani wenye akili walifanya kama manahodha: walitia magunia mawili matatu ya mchanga nyuma. Ila magunia hayo yafungwe, na yakae juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Yakisukumwa hadi mlangoni, yatakuwa kama mtu mnene aliyekaa ncha ya mbao ya kupimia: nyuma hushuka, mbele huinuka, usukani huwa mwepesi na taa hutazama mbinguni badala ya barabara. Neno mizani, ambalo kila mtoto wa chuoni amelikuta katika Suratu Rahman, halikuletwa kwa wauza dengu peke yao.

Nami sikuleta habari za farumi kwa kujipamba. Mwaka 2014 zilitangazwa takwimu za vifo vya wazazi katika kaunti za Kenya, zilizotokana na hesabu ya watu ya 2009. Mandera ilikuwa ya kwanza kwa ubaya: wanawake 3,795 kwa kila vizazi hai 100,000. Sababu ni nyingi, za wakunga, za damu, za hospitali zilizo mbali. Mojawapo ni njia, na kinachopita juu ya njia hiyo. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu katika kijiji cha Lafey au kando yake, na mambo yakawa mazito, itabidi achukuliwe hadi Elwak au Mandera mjini. Gari la hospitali likiwapo, alhamdulillahi. Lisipokuwapo, jamaa hutafuta gari lolote.

Na hapa tofauti ya nyuma huacha kuwa mazungumzo ya gereji. Saluni ni laini, lakini mtu hawezi kulala ndani yake; atakunjwa kwenye kiti kama nguo. Stesheni wagoni ina sakafu ndefu, hutandikwa godoro akalala, lakini amelala juu ya ekseli hasa, mahali panapopiga kuliko pote, na gari ni tupu, springi zile za shehena hazimjui mtu wa kilo 60. Mwenye himila amewekwa juu ya mhimili usiokuwa na mzigo wa kuulainisha. Kila mkunjo wa barabara unamfika yeye. Basi farumi hapo ni huruma. Magunia ya mchanga, ambao Lafey haukosekani, yakitiwa na kufungwa pembeni mwa godoro, springi huinama kidogo, ndipo zianze kufanya kazi yake. Tairi zikipunguzwa upepo kiasi, nazo husaidia, kwa mwendo mdogo tu, na zijazwe tena kabla ya kukimbia, maana tairi laini katika joto la Mandera hujichoma yenyewe. Kichwa cha mgonjwa na kiuno chake visogezwe mbele kadiri nafasi inavyoruhusu, kwani katikati ya gari, baina ya ekseli mbili, mtikisiko ni mdogo kuliko juu ya yoyote kati yao. Haya si mambo ya kumpoza muuguzi asitafutwe. Ni mambo ya kumfikisha mtu kwa muuguzi.

Liko na jingine la njia ile ambalo mtu wa Mombasa aweza kulisahau. Kusimama si salama. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na Elwak, watu wenye bunduki walilivamia basi lililokuwa likienda Mandera, wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa, wakawafunika wenzao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, na akafa kwa jeraha hilo Januari 2016, Mwenyezi Mungu amrehemu. Katika nchi ya namna hiyo springi iliyokatika wakati wa magharibi si hasara ya fedha tu. Gari lililochaguliwa vibaya laweza kuwasimamisha watu mahali ambapo hawakutaka kusimama.

Sasa niseme na wanunuzi, na khasa wale wanaonunua gari kuukuu kwa kutazama uso. Si kila 504 saluni iliyo na miguu ya kujitegemea. Mwaka 1973 Peugeot walitoa 504 L, ya bei nafuu, nayo walirudisha nyuma yake ekseli ngumu juu ya koili. Kwa hiyo mtu aweza kukuta saluni mbili za 504 zimeegeshwa bega kwa bega, rangi moja, na chini yao hazina udugu. Toyota nao walifanya mchezo wao. Corolla iliyoanza mwaka 1979, saluni yake ilikaa juu ya koili, na stesheni wagoni ikaachiwa springi za kikale za vipande vya chuma vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, kama za mkokoteni wa punda. Wengine waliicheka. Wachukuzi wa mizigo hawakucheka, walinunua. Na Wajerumani wa Mercedes, ambao hupenda kuwa na jawabu la tatu, stesheni wagoni yao ya mwishoni mwa miaka ya 1970 waliitia nyuma mitambo ya mafuta na gesi inayoiinua bodi yenyewe mzigo unapozidi. Jambo zuri sana, mpaka siku bomba lake litakapovuja mahali palipo mbali na Mercedes.

Kuna tabia moja ya gereji zetu ambayo naiona mbaya, nami naisema. Mtu ana saluni, ataka kubebea mizigo, fundi humwambia: nitakutilia springi za stesheni wagoni, au nitakuwekea vipande vya mpira katikati ya koili, itakuwa ngumu. Kweli itakuwa ngumu. Lakini ile mikono ya kushikia magurudumu haikubadilika, bushi zake ni zile zile, na bodi inapofungiwa difu ni ile ile. Mzigo ambao zamani springi iliukataa kwa kuinama, sasa wapitishwa moja kwa moja kwenye chuma kisichoukusudia. Bodi hupasuka kwenye viungo, na mwenye gari husema Pijo siku hizi si kama za zamani. Kinyume chake pia hutendeka: stesheni wagoni iliyochoka huondolewa springi zake na kutiwa zozote zilizopatikana, ikawa mkia umelala siku zote, nayo bado yauzwa kwa jina la gari la kubeba.

Zamani teksi za Pijo zilipokuwa zikienda Malindi, na zikingoja zamu kwenye pantoni ya Kilifi kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, abiria wenye ujuzi walijua pa kukaa. Walikimbilia safu ya kati. Safu ya nyuma kabisa, iliyo juu ya ekseli, waliachiwa vijana na watu waliochelewa. Hapana aliyewafundisha habari za springi. Viuno vyao vilikuwa vimesoma. Safari ya kurudi, gari likiwa na watu watatu tu, dereva alikwenda polepole kuliko alipokuwa amejaza, na mgeni alishangaa kwa nini.

Pijo za 504 ziliunganishwa Kenya hadi mwaka 2004, miaka zaidi ya 20 tangu Ufaransa kuacha kuzitengeneza. Nigeria, waliokuwa na kiwanda Kaduna tangu 1975, waliendelea hadi 2006. Kazi yao sasa katika njia nyingi za Kenya imetwaliwa na Probox ya Toyota, iliyotoka Japani mwaka 2002, nayo ni ya ukoo ule ule wa stesheni wagoni: sura haina haya wala urembo, nyuma pana, na mgongo uliokusudiwa kazi. Wamtukanao dereva wa Probox kwa kupakia watu kama dagaa wana haki ya kumtukana. Lakini wasiseme kwamba alichagua gari kwa ujinga.

Kuhusu njia yenyewe, Benki ya Dunia iliidhinisha mwaka 2020 fedha za barabara kuu ya kutoka Isiolo kwenda Mandera, kwa kupitia Wajir, Elwak na Rhamu. Lafey iko upande mwingine, upande wa mpaka, kwenye ile njia ya Fino na Arabia. Kwa hiyo anayenunua gari la kwenda huko na avae kanzu kuukuu, atandike mkeka, alale chali chini ya gari. Akiona chuma kimoja kinene kimetoka gurudumu hadi gurudumu, na dungu la difu katikati yake, hiyo ni ekseli ngumu. Akiona dungu limefungwa juu na vijiti viwili vya kuzungusha vyatoka kila upande, hiyo ni ya miguu ya kujitegemea, na akae akijua itambeba yeye na mkewe kwa raha, lakini si magunia kumi ya sukari. Kisha ahesabu springi kila upande, na asimwamini anayemwambia kwamba moja ilitolewa kwa sababu haikuwa na kazi.